Sura ya Tano: Mlingoti wa Bavaria Ndogo

Kamati ya mtaa wa Bavaria Ndogo ilimwalika Hilke Ubben aje kufungua Sikukuu ya Mei kwa sababu moja tu: alikuwa Mjerumani. Mjerumani wa kuzaliwa hukohuko, mwenye lafudhi yake, si wa jina la babu. Walimpigia simu Chicago, alikokuwa akiwachunguza watu wanaojichomea maghala ili walipwe bima, wakamwahidi chumba cha hoteli, soseji za bure na dakika tano za hotuba. Hakuna aliyemuuliza anatoka pembe gani ya Ujerumani.

Alipofika Falkenau, Iowa, jioni ya Ijumaa, alikuta kitandani gauni la Kibavaria, la Ujerumani ya kusini, limetandazwa, lenye aproni na kamba za kubana kifua. Hilke alikuwa mtu wa Friesland ya Mashariki, nchi ya matope, upepo na ng'ombe huko pwani ya kaskazini, ambako mwanamke akitoka amevaa hivyo jirani atamwitia daktari. Akalikunja gauni, akalitia kabatini, akalala usingizi wa pono.

Asubuhi mlango uligongwa kana kwamba mtu anataka kuung'oa.

"Frau Ubben! Frau Ubben, amka, tumeibiwa!"

Alikuwa Darlene Fitzgerald, mwenyekiti wa kamati, ambaye bibi mzaa bibi yake alitoka Munich na waliobaki wote walitoka Ireland. Yeye gauni lilikuwa limemkaa sawasawa. Kofia yake yenye unyoya ilikuwa imekwenda upande, na machozi yalikuwa yamechora mifereji miwili kwenye poda.

"Wameiba nini?" Hilke aliuliza.

"Mlingoti! Mlingoti wetu wa Mei! Futi thelathini, Frau Ubben! Utaibaje kitu cha futi thelathini?"

"Kwa watu wengi," alisema Hilke, na kutafuta viatu.

*

Uwanja wa Bavaria Ndogo ulikuwa umepambwa ukapambika. Bendera za buluu na nyeupe zilining'inia hadi kwenye duka la kufulia nguo. Juu ya lango la mtaa palikuwa na ubao wenye maandishi ya kujipinda: UJERUMANI HALISI KULIKO UJERUMANI. Chini ya lango hilo lilisimama gari la polisi, na aliyeliegemea alikuwa Curtis Lindgren, naibu sherifu, kijana mpana mwenye kikombe cha kahawa kikubwa kama ndoo ya kukamulia.

"Kesi imekwisha, mama," alimwambia Hilke. "Mwizi yuko kiti cha nyuma. Anakula donati."

"Amekiri?"

"Hajakiri. Ila ushahidi upo." Curtis aliweka kahawa juu ya boneti. "Lonnie Teague. Alikuwa akipuliza tuba kwenye bendi yao. Mwezi wa tatu wakamfukuza, akasimama mbele ya kikao kizima akasema mlingoti wao hautasimama."

"Walimfukuza kwa kosa gani?"

"Alisinzia katikati ya polka," Darlene alidakia. "Na tuba mdomoni! Ilikuwa inakoroma, Frau Ubben. Watu walidhani ni sehemu ya wimbo."

"Tena nyumbani kwake," Curtis aliendelea, "kuna trela refu lenye rangi ya buluu mbichi ubavuni. Buluu hiihii ya mlingoti. Namuuliza trela lilikuwa wapi usiku, ananitazama kama mbuzi. Sasa hapo unataka nini tena?"

"Mlingoti," alisema Hilke. "Uko wapi?"

Curtis akanywa kahawa.

"Hilo atalisema mahakamani," Darlene alisema. Alitoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye aproni. "Malalamiko haya hapa. Saa sita kamili nitapanda jukwaani, pale mlingoti ulipotakiwa kusimama, na nitatia saini mbele ya umma. Watu wamekuja kutoka majimbo matatu. Lazima waone kitu kikifanyika."

"Huyu Lonnie anafanya kazi gani?"

"Dereva wa basi la shule," Curtis alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Ndiyo hivyo. Karatasi ikisainiwa, neno wizi likifika shuleni, Jumatatu anamwaga unga. Mwenye kesi ya wizi hapewi watoto wa watu. Ana mke, ana mapacha. Lakini sikumtuma aibe."

Hilke alitazama saa ya mnara, ambayo ilikuwa na vikaragosi vya mbao vilivyokwama vikiwa nusu nje. Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Nionyesheni mahali ulipolala."

Mlingoti, nguzo ya kuchezewa ngoma siku ya sikukuu, ulikuwa umelazwa juu ya vigogo katikati ya uwanja, ukisubiri kuinuliwa mchana. Vigogo vilikuwa vimesogezwa kando na kupangwa mstari mmoja. Utepe uliokuwa umeufunga ulikuwa umevingirishwa vizuri na kuwekwa juu ya kigogo cha mwisho, na jiwe juu yake ili upepo usiuchukue. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na kibanda cha bia. Mapipa yalikuwa kamili. Sanduku la pesa za soseji, ambalo Darlene alilisahau kaunta tangu jana, lilikuwa pale na pesa zake.

"Mwizi wa ajabu," alisema Hilke. "Pesa kaziacha. Bia kaiacha. Kabla ya kuondoka kafagia."

"Lonnie ni msafi," Curtis alisema.

"Hapakuwa na walinzi?"

"Walikuwepo!" alisema Darlene. "Mwaka huu kwa mara ya kwanza. Niliona kwenye picha kutoka Ujerumani, vijana wamekaa na tochi kuzunguka mlingoti usiku. Inapendeza kweli! Nikawaweka Bob na Gary, nikawavalisha kaptula za ngozi, nikawapa tochi na bia."

"Wanalinda nini?"

"Sijui. Kwenye picha walikuwa wamekaa tu."

"Na Bob na Gary?"

"Walikunywa bia," alisema Curtis.

Hilke alizunguka shimo lililochimbwa kwa ajili ya mlingoti. Karibu nalo, kwenye nyasi, palikuwa na mikato mitatu ya koleo. Ilikuwa imesimama sambamba, mifupi, safi, udongo haukuinuliwa. Alichuchumaa. Alikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba Darlene alianza kurekebisha kofia.

"Hiyo nimeshaiona," Curtis alisema. "Alikuwa anachimba kutafuta hela. Watu husema Wajerumani wa kwanza walizika dhahabu hapa. Akachoka akaacha."

"Akachoka baada ya kuchimba kina cha kidole?"

"Si umeambiwa alisinzia na tuba mdomoni?"

Curtis akaona wakati umefika wa kutoa karata yake kubwa. Alifungua kimfuko cha plastiki kilichobandikwa lebo, akakishika kwa ncha za vidole vyenye glavu.

"Hiki nilikiokota palepale. Sikutaka kusema mbele ya mwenyekiti, lakini nimeshapiga simu makao makuu, Des Moines. Madawa ya kulevya, mama. Miaka sita nipo kazini, sijaona fuwele kubwa namna hii."

Ndani ya mfuko kulikuwa na kipande cheupe kinachong'aa, ukubwa wa jino la farasi. Hilke alikitazama. Kisha akaingiza vidole, akakichomoa na kukitia mdomoni.

Curtis alipiga yowe. Mkono mmoja ulikwenda kwenye redio ya begani, wa pili ukaangusha kahawa. "Tema! Mama, tema! Umekula ushahidi!"

"Nimelamba tu." Hilke alikitoa, akakirudisha ndani ya kimfuko kwa heshima. "Kimebaki kingi. Ni sukari."

"Sukari gani ina umbo hilo?"

"Ya mawe. Ya chai." Alisimama, akajipangusa magoti. "Afande, nataka kuongea na mwizi wako."

*

Lonnie Teague alikuwa mtu mwembamba mwenye masikio makubwa, na vumbi la sukari ya donati lilikuwa limemjaa ndevuni. Hilke aliingia akakaa kando yake kiti cha nyuma. Curtis aliketi mbele, dirisha katikati likiwa wazi. Darlene alibaki nje, ameegemeza sikio kwenye kioo.

"Wewe ndiye Mjerumani?" Lonnie aliuliza.

"Ndiye."

"Mbona hujavaa?"

"Nimevaa."

"Nasema lile gauni."

"Nimekuelewa. Ulisema mlingoti hautasimama?"

"Nilisema hautasimama wima. Kila mwaka unainama upande wa benki, kwa sababu shimo wanachimba kwa kukisia. Mimi ni dereva, naona kitu kilichopinda. Ila ukisema ukweli pale kamati unaitwa adui."

"Muongo!" ilisikika kutoka nje ya kioo.

"Trela lako lilikuwa wapi jana usiku?"

"Niliazimisha."

"Nani aliliazima?"

Lonnie alitazama mbele.

"Unajua Jumatatu huna basi?"

"Najua."

"Na bado husemi."

"Niliahidi nisimwambie mtu. Asubuhi nilipoona ile rangi nikaelewa nimeahidi nini, lakini ahadi ni ahadi. Na wewe humjui huyo mtu. Jela ni afadhali."

"Alikufundisha shule ya Jumapili?"

Lonnie akaichukua tena donati.

"Ukienda kwake anakupa chai. Chai ya moto, nyeusi, si ile yenu ya barafu. Anaanza kutia kipande kikubwa cha sukari kikombeni, halafu anamimina, sukari inapasuka kwa mlio. Halafu krimu, kijiko kimoja, pembeni. Na haruhusu uikoroge."

Donati ilisimama nusu njia kuelekea mdomoni.

"Asiyeruhusu kukoroga?" Curtis aligeuka kwa furaha ya mwanafunzi anayejua jibu. "Ah! Huyo ni Bi Gesche Saathoff! Wa wale wakulima wa bondeni, wa kanisa la matofali. Kwenye mazishi ya mjomba wangu nilikoroga chai, akanichapa kijiko vidoleni. Nilikuwa na sare!"

Lonnie alifunika uso kwa mikono miwili. "Curtis," alisema kupitia vidole, "wewe bure kabisa."

*

Bonde lilikuwa maili nane nje ya mji, tambarare kama meza, mitaro imenyooka, mierebi michache imeinamishwa na upepo upande mmoja. Hilke alitazama dirishani, akaomba dirisha lifunguliwe, akavuta harufu ya samadi, asiseme neno. Nyuma yao Darlene alikuwa anakuja na gari lake lenye bendera mbili za buluu na nyeupe zikipigana juu ya paa.

Nyumba ya Saathoff ilikuwa ya matofali mekundu, ghala kubwa limeungana nayo kwa nyuma. Milango ya ghala ilikuwa imefungwa. Mwanamke mzee sana alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, amevaa sweta ya kijivu na mabuti ya mpira, kana kwamba alikuwa akiwangoja.

"Moin," alisema.

"Moin," Hilke akajibu kabla hajajua amejibu. Miaka kumi na moja ya Marekani, na hakuna aliyemsalimu hivyo.

Bibi alimpima kuanzia viatu hadi nywele. "Wa wapi?"

"Karibu na Leer."

"Mm. Babu zangu walitoka upande wa pili wa mto. Watu wa kwenu ni wabahili, lakini karibu." Akamgeukia naibu sherifu. "Curtis. Futa miguu."

Curtis akafuta. Darlene naye akafuta, ingawa hakuambiwa. Lonnie aliachwa garini, kwa sababu Curtis alikumbuka kwamba yeye ni mtuhumiwa.

Jikoni meza ilikuwa imeshaandaliwa vikombe vidogo vyembamba vyenye waridi jekundu. Katikati kulikuwa na bakuli la sukari ya mawe. Curtis aliitazama sukari, kisha akamtazama Hilke, kisha akapata kazi ya kutazama dari.

"Bi Saathoff," Hilke alianza, "nimekuja kuuliza—"

"Kikombe cha kwanza," alisema Bi Gesche.

Hilke akafunga mdomo. Kwao mgeni hunywa vikombe vitatu, na shughuli huanza baada ya cha tatu. Mwenye kukatiza ametukana nyumba. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne imepita. Sukari ikapasuka kikombeni, krimu ikatanda kama wingu dogo. Darlene aliinua kijiko.

"Usi—" Hilke na Curtis walisema kwa pamoja.

Darlene akakiweka kijiko chini polepole.

Walikunywa. Bi Gesche alizungumzia mvua. Curtis akazungumzia mvua. Darlene alijaribu kuzungumzia mlingoti, akapewa biskuti. Kikombe cha pili kikamiminwa. Bi Gesche alizungumzia bei ya mahindi kwa kirefu, mkulima mmoja baada ya mwingine, na macho yake ya buluu hayakumtoka Hilke. Alikuwa anastarehe. Mahojiano haya yalikuwa yake, na aliyekuwa akitokwa jasho ni yule aliyekuja kuuliza.

Saa iligonga nusu. Ukiongeza mwendo wa kurudi, Darlene angeinuka kwenda jukwaani na kalamu yake kabla kikombe cha tatu hakijaisha. Na bibi huyu angeweza kukinywa hadi Krismasi.

"Bi Saathoff," alisema Hilke, "Lonnie Teague yuko garini hapo nje."

Birika lilikuwa limeshainuka kwa kikombe cha tatu. Likasimama hewani.

"Lonnie yupi?"

"Wako."

"Anafanya nini humo?"

"Ametiwa mbaroni. Atapoteza basi la shule. Ameulizwa nani aliazima trela, akakataa kusema."

Bi Gesche alimtazama Curtis, na Curtis akarudi kuwa mtoto wa miaka minane.

"Ni kweli, Curtis?"

"Ndiyo, bibi."

"Umemfunga Lonnie? Lonnie aliyekuwa akikupa sandwichi yake, wewe ukijidai umesahau yako?"

"Sheria, bibi."

Bi Gesche aliweka birika mezani bila kumimina. Hilke alijikuta ameshika ukingo wa meza. Maishani mwake hakuwahi kuona mwenyeji akisimamisha chai kabla ya kikombe cha tatu, hata nyumba ilipokuwa inaungua, na nyumba zilizoungua aliziona nyingi.

"Haya," alisema bibi, na kuinuka. "Njooni ghalani."

*

Ndani ya ghala mlingoti ulikuwa umelazwa juu ya marobota ya nyasi, buluu na nyeupe, bila mkwaruzo isipokuwa pale ulipogusa ubavu wa trela. Kando yake ilikuwa meza ndefu yenye kitambaa cheupe, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, keki nne na mabirika yaliyovalishwa sufu. Na kuizunguka meza, wamevaa nguo nyeusi za Jumapili, walikuwa wamekaa wazee kumi na wanane wa kwaya ya kanisa. Mmoja alikuwa amesinzia. Mwingine alikuwa na koleo magotini.

"Mmechelewa," alisema mwenye koleo.

Darlene aliukimbilia mlingoti na kuupapasa.

"Tangu alfajiri tumekaa," alisema Bi Gesche. "Tumeandaa meza. Tulidhani mtakuja na pipa la bia, mbembeleze kidogo, tubishane bei, tule, tucheke, tuwarudishie mti wenu kabla ya saa sita. Badala yake mmeniletea polisi!"

"Lakini... mmeuiba!" Darlene alisema.

"Ndiyo tumeuiba. Mliweka walinzi. Mlingoti wenye walinzi ni mwaliko. Miaka yote mlikuwa mkiuacha pale peke yake, tukasema hawa hawachezi, tuwaache. Jana mjukuu wa Eilert huyu hapa akaja mbio akisema, bibi, mwaka huu wameweka Bob na Gary na tochi! Mimi nililia. Nikasema hatimaye, hatimaye wale watu wa unyoya wamekumbuka."

Darlene alimgeukia Hilke kama mtu anayetafuta kamba kisimani.

"Ni desturi," alisema Hilke. "Usiku wa kuamkia tarehe moja Mei kila kijiji hulinda mlingoti wake, na kijiji jirani hujaribu kuuiba. Ukifika karibu yake ukapiga koleo ardhini mara tatu kabla mlinzi hajakugusa, ni wako, hadi wenyewe waukomboe kwa chakula na kinywaji. Huruhusiwi kuuharibu. Na haitwi polisi."

"Polisi anafanya nini, basi?" Curtis aliuliza.

"Mara nyingi ndiye anayeshika koleo."

Curtis alilitazama koleo kwa wivu kidogo. Kisha akakumbuka beji yake. "Sawa, lakini mimi nina simu ya wizi iliyoandikishwa, nina mtuhumiwa, nina Des Moines. Huko hawajui koleo. Kwa sheria ya Iowa, kuchukua mali ya mtu ni wizi, na sasa wezi wamekuwa kumi na tisa na mwenye trela. Isipokuwa mwenye mali mwenyewe aseme hakuibiwa. Aseme alijua huo ni mchezo wa siku zote."

Wote wakamtazama Darlene.

Aliyesinzia aliamshwa kwa kiwiko. Darlene alikuwa na karatasi ya malalamiko mkononi, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka dhidi ya zile kamba. Akisaini, Lonnie anapoteza basi na yeye anawapeleka mahakamani wazee wa kwaya siku ya sikukuu, baadhi yao wenye nyonga za chuma. Asiposaini, atalazimika kusema maneno ambayo Falkenau nzima itakuwa imeyasikia kabla ya chakula cha mchana: kwamba yeye, mwenyekiti kwa miaka ishirini, aliweka walinzi bila kujua wanalinda nini.

"Frau Ubben," alinong'ona, "ni kweli kila mtu kule anajua hili? Hata Bavaria?"

Hilke aliona nafasi. Tangu jana jioni alikuwa na maneno ya kumwambia mwanamke huyu, kuhusu gauni, kuhusu soseji, kuhusu ule ubao wa langoni. Nje ya ghala, kupitia mlango uliokuwa wazi, kulionekana masikio mawili makubwa kwenye dirisha la gari.

"Bavaria zaidi ya kote," alisema tu.

Darlene alivuta pumzi. Akanyoosha kofia. Unyoya ukasimama.

"Kwa hiyo mnadhani sikujua?" alisema kwa sauti ya jukwaani. "Bila shaka nilijua! Hakuna aliyetuibia, Curtis. Tumekuja kukomboa mlingoti wetu kwa mujibu wa desturi, na nashangaa kwa nini tunacheleweshwa."

"Mwenyekiti," Curtis alisema taratibu, "ulinipigia simu saa kumi na moja alfajiri unalia."

"Nililia kwa furaha."

"Ulisema nije na mbwa."

"Wapate matembezi!" Aliichana karatasi mara mbili, na alipoona watu bado wanatazama, akaichana tena. "Bia mapipa mawili na soseji za kuwatosha nyote. Neno la mwisho."

"Matatu," alisema Bi Gesche.

"Mawili, na mtaandamana nyuma ya bendi."

"Mbele ya bendi. Na hatuvai unyoya."

"Lakini mtatabasamu?"

Wanakwaya walitazamana. Halikuwa jambo dogo. "Tutajitahidi," alisema mwenye koleo.

Darlene alinyoosha mkono, Bi Gesche akaushika kwa nguvu hadi mwenyekiti akapinda upande. Curtis alikuwa ameshatoka. Walimsikia akifungua mlango wa gari, na baada ya muda Lonnie aliingia ghalani, anasugua vifundo vya mikono, ndevu bado nyeupe kwa donati. Alisimama mbele ya bibi.

"Uliniambia ni bomba la kinanda cha kanisa."

"Nilisema ni refu na la mviringo. Bomba ulilisema wewe."

"Mama Gesche, nilikuwa naenda jela!"

"Nimesikia, mwanangu." Bibi alimfuta sukari ndevuni kwa ncha ya sweta, mbele ya watu wote, na masikio ya Lonnie yakawa mekundu kama matofali ya nyumba. "Kaa. Una njaa. Curtis na wewe kaa, huna haya, lakini kaa."

Kwa dakika kumi walikula kama watu wanaokimbizwa. Kisha wazee wenye nyonga za chuma na wasio nazo waliuinua mlingoti mabegani, Hilke akiwa katikati yao, na kuulaza kwenye trela fupi la marobota lililokuwa limefungwa nyuma ya gari la Eilert. Darlene alikuwa anaelekeza, ingawa hapakuwa na aliyemsikiliza. Trela lilipoanza kusogea, alimvuta Hilke mkono hadi nyuma ya mlango wa ghala.

"Hii desturi," alisema kwa sauti ya chini. "Inakwenda upande mmoja tu? Yaani wao wanatuibia sisi. Sisi hatuwezi kuwaibia wao?"

"Mnaweza. Lakini hawana mlingoti."

Darlene alitafakari. Akatoka kwenda alikosimama Bi Gesche, akitabasamu kwa meno yote.

"Bi Saathoff, hili bonde lenu zuri sana. Hamjawahi kufikiria kusimamisha mlingoti wenu wenyewe? Mwakani, kwa mfano?"

Bi Gesche alimtazama unyoya, akamtazama macho. Kitu kilichofanana sana na tabasamu kilianza kona moja ya mdomo.

"Kwa nini unauliza, Darlene?"

"Basi tu. Nauliza." Akageuka harakaharaka. "Lonnie! Lonnie mpenzi, wewe si una lile trela..."

Lonnie alikuwa tayari anakwenda zake kwa miguu kuelekea barabarani, mikono juu kama mtu aliyeambiwa asitikisike.

"Mimi msinihesabu!" alipaza sauti bila kugeuka. "Mimi Jumatatu nina watoto wa kupeleka shule!"